Maswali ya Wasomaji: Nani Atawatengenezea Watoto Vipindi?

Toleo lililopita tulieleza jinsi mashirika ya utangazaji ya umma katika nchi mbalimbali yanavyopunguza vipindi vya watoto, na jinsi baadhi yanavyotaka kuzima chaneli za watoto na kuhamia mtandaoni kabisa. Barua zilizofuata zimetoka kwa wazazi, watangazaji, wachora katuni na mwanafunzi wa sheria. Tunajibu nane.

Mtandao umejaa katuni za bure na mwanangu wa miaka sita haishiwi cha kutazama. Kwa nini kodi yangu itumike kutengeneza vingine?
*Baba wa watoto wawili*

Ndugu msomaji, tuanze na jinsi kipindi kinavyojilipa. Cha watu wazima kina njia tatu: matangazo ya biashara, malipo ya mtazamaji, au kuuzwa nchi nyingine. Sasa mtazame mtoto. Hana pesa mfukoni. Matangazo yanayomlenga yamewekewa mipaka katika nchi nyingi, na ni haki yawekewe. Kipindi kilichotengenezwa kwa lugha yake nacho hakiuziki kwa watu wasioijua lugha hiyo. Kinachoweza kujilipa ni katuni isiyo na kwao: maneno machache, wahusika ambao hawatoki popote, na midoli ya kuuza pembeni. Hicho ndicho mwanao hakosi.

Anachokosa ni vitu vinne: habari zilizoandikwa kwa ajili ya watoto, tamthilia zenye watoto halisi wa mahali pake, vipindi vya wenye miaka 10 hadi 15 (wakubwa mno kwa katuni, wadogo mno kwa mengine yote), na vipindi vya lugha ya alama kwa watoto viziwi.

Uingereza ililiona hili likitokea hatua kwa hatua. Sheria ya Mawasiliano ya 2003 iliziondolea televisheni za kibiashara zenye wajibu wa umma sharti la kutimiza kiwango maalumu cha vipindi vya watoto. Mwaka 2006 mdhibiti wa nchi hiyo, Ofcom, akatangaza zuio la matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwenye vipindi vya watoto. Mwaka huohuo ITV, mojawapo ya televisheni hizo za kibiashara, ikafunga kitengo chake cha kutayarisha vipindi vya watoto. Zuio lenyewe tunaliunga mkono bila kusita. Kilichokosekana ni fedha ya kushika nafasi ya mapato yaliyoondoka.

Mtandaoni yakajirudia. Septemba 2019 Google ilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto kupitia YouTube bila idhini ya wazazi. Kuanzia Januari 2020 video zilizotajwa kuwa za watoto haziwekewi tena matangazo yanayofuatilia tabia za mtazamaji. Tangazo lisilomfuatilia mtu hulipa kidogo zaidi, kwa hiyo mtayarishaji mdogo aliyekuwa akiishi kwa mapato hayo hulazimika kufidia kwa wingi: video nyingi, fupi, rahisi, zinazofanana. Faragha ya mtoto haina mjadala, lazima ilindwe. Lakini kila unapolinda mtoto dhidi ya soko unapunguza pesa ya soko, na lazima umma ulete yake. Kodi yako inaingia hapo.

Wakurugenzi wanasema watoto hawatazami tena televisheni, basi chaneli izimwe na fedha iende mtandaoni. Je, wana hoja?
*Mwalimu wa shule ya msingi*

Wana hoja nusu. Ni kweli watoto wamehama. Denmark iliiondoa hewani DR Ultra, chaneli ya watoto wakubwa, Januari 2020 ikaibakiza mtandaoni. BBC ya Uingereza ilitangaza Mei 2022 kwamba chaneli yake ya watoto, CBBC, itaacha kuwa chaneli ya kawaida katika miaka ya mbele. Ufaransa ilikuwa imeamua kuizima France 4, chaneli ya umma yenye vipindi vya watoto, Agosti 2020. Ikaja korona, shule zikafungwa, masomo yakarushwa kupitia chaneli hiyohiyo, uzimaji ukaahirishwa, na Mei 2021 ikatangazwa kwamba itabaki.

Nusu wanayoiacha ni ya nani anabeba gharama. Mnara wa kurushia matangazo unakula umeme uleule wakitazama watoto mia au milioni, na mtazamaji halipi chochote kwa kila saa. Mtandaoni kila mtazamaji anaongeza gharama ya seva, na yeye mwenyewe ananunua bando. Fanya hesabu hii mbele ya mkurugenzi yeyote: video ya kawaida ya simu, ya megabiti 1 kwa sekunde, inakula megabaiti 450 kwa saa. Saa moja kwa siku kwa siku thelathini ni gigabaiti 13.5, kwa mtoto mmoja. Sauti peke yake, kwa kilobiti 48 kwa sekunde, inakula kama megabaiti 22 kwa saa. Redio ya hewani inakula sifuri.

Kwa hiyo ukizima chaneli kabla bando halijawa rahisi, gharama haijapungua. Umeihamisha kutoka kwenye bajeti ya shirika kwenda kwenye mfuko wa mzazi, na wa kwanza kukatika ni mtoto wa mzazi asiyeweza. Utaratibu tunaouona ni salama unaanza mtandaoni wakati chaneli bado iko hewani. Kila kipindi kipya kiwekwe kwenye programu ya shirika lenyewe siku kinaporushwa. Programu iruhusu kupakua, ili mtoto achukue vipindi vitano palipo na intaneti ya bure akavitazame nyumbani. Isidai kujisajili. Iwe na toleo la sauti tupu kwa kila kipindi kinachoeleweka bila picha. Halafu pima kwa mwaka mzima wangapi hawafikiwi kabisa na mtandao (usipime wastani wa dakika, wastani unawaficha hao hasa). Uamuzi wa kuzima mnara ungoje takwimu hiyo.

Kuna kosa moja zaidi. Mashirika mengi hupakia vipindi vyao YouTube na kuona kazi imekwisha. Mtoto humaliza kipindi kizuri cha dakika kumi, na video inayofuata, inayoanza yenyewe, inachaguliwa na mfumo usiojua chochote kuhusu dhamira ya shirika. Weka huko dakika mbili au tatu za kuonjesha, kipindi kamili kikae kwako. Na kwako, video zisiendelee zenyewe baada ya mbili. Uingereza, kwa Sheria ya Vyombo vya Habari ya 2024, imezitaka runinga za kisasa zizipe programu za watangazaji wa umma nafasi ya kuonekana kwa urahisi kwenye skrini. Huo ndio aina ya ulinzi unaohitajika sasa. Zamani ilitosha kupewa namba ya chaneli iliyo mwanzoni.

Ni mfumo gani wa fedha unaohimili mabadiliko ya serikali? Ninaandika tasnifu kuhusu sheria ya utangazaji.
*Mwanafunzi wa sheria*

Hakuna usioguswa, ila ipo inayochukua muda mrefu kuvunjwa. Ujerumani inatoza mchango kwa kila kaya tangu 2013, awe mtu na televisheni au asiwe nayo. Fedha hiyo haipiti kwenye bajeti ya mwaka ya serikali. KiKA, chaneli ya watoto inayoendeshwa na mashirika ya umma ya ARD na ZDF tangu Januari 1997, inaishi hapo na haina matangazo ya biashara. Finland ilianza kodi maalumu ya utangazaji mwaka 2013, na Sweden tangu 2019 inakata asilimia moja ya kipato kinachotozwa kodi, hadi kikomo fulani. Norway ilichagua kuingiza fedha kwenye bajeti ya kawaida ya taifa kuanzia 2020, jambo linalorahisisha ukusanyaji na kumpa mwanasiasa mkono wa karibu zaidi.

Mfano wa kuusoma kwa makini ni wa Marekani. Sheria ya Utangazaji wa Umma ya 1967 iliunda CPB, shirika la kugawa fedha za umma kwa vituo vya utangazaji, kama ukuta kati ya bunge na vituo, na baadaye bunge likazoea kutenga fedha miaka miwili kabla, ili anayeshika madaraka leo asiadhibu kipindi cha jana. Ukuta ulisimama miongo mingi. Julai 2025 bunge likafuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa, na mwezi uliofuata CPB ikatangaza kufunga shughuli zake. Somo la kisheria ni kwamba fedha iliyotengwa mapema kwa desturi ya bajeti inafutwa kwa kura moja ya bajeti.

Uingereza nayo ilijaribu mfuko wa kushindaniwa: Mfuko wa Maudhui ya Vijana, hadi pauni milioni 57, kuanzia 2019 hadi 2022, chini ya taasisi ya filamu BFI. Watayarishaji binafsi waliomba, na ilibidi kituo kinachotazamwa bure kiahidi kukirusha kipindi. Wazo zuri. Lakini fedha ilitokana na salio la zamani la ada ya leseni ya televisheni, na salio lilipokwisha hakukuwa na chanzo cha kudumu nyuma yake.

Tukikuandikia kifungu, tungetaka mambo matatu yawe ndani ya sheria yenyewe, sio kwenye kanuni za waziri. Kwanza, fungu la watoto litajwe kama sehemu ya mapato ya shirika, kwa asilimia, kwa sababu kiasi kilichotajwa kwa tarakimu kinaliwa na mfumuko wa bei. Pili, kipindi cha fedha kisipungue miaka mitatu: msimu wa katuni, toka kuandikwa hadi kurushwa, hula mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na fedha ya mwaka mmoja hununua mwanzo wa kitu tu. Tatu, sharti lipimwe kwa saa za vipindi *vipya*. Ukipima saa za kurusha tu, shirika litatimiza sharti kwa marudio ya miaka kumi iliyopita, na kwenye karatasi hutaona tofauti. Chunguza pia Australia, iliyofuta masharti ya vipindi vya watoto kwa televisheni za kibiashara kuanzia 2021. ABC, shirika la umma, limebaki kubeba mzigo karibu peke yake.

Tuna redio ya jamii, watu wanne, na tumepewa nusu saa ya watoto kila Jumamosi. Bajeti ni ndogo sana. Tuanzie wapi?
*Mtangazaji*

Hongereni kwa kuichukua kazi hii. Redio haijafa kwa watoto, na kwa pesa zenu ndiyo chombo bora kuliko vyote, kwa hiyo tutajibu kwa urefu.

Msitengeneze kipindi cha "watoto". Mwenye miaka minne na mwenye miaka tisa hawasikilizi kitu kimoja. Nusu saa igawanyeni: dakika kumi na mbili kwa wenye miaka 4 hadi 6, kisha kumi na tano kwa wenye 7 hadi 10. Kila sehemu ibebe jambo moja tu, lirudi kwa njia tatu: kwenye hadithi, kwenye wimbo, kwenye mchezo. Ukiweka mawili, mtoto anaondoka bila hata moja.

Njia iliyothibitika ni redio shirikishi. Ilianza Nicaragua katikati ya miaka ya 1970 kwa somo la hesabu, ikaenea nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Siri yake ni kimya. Mtangazaji anauliza, ananyamaza, mtoto anajibu kwa sauti huko aliko, mtangazaji anatoa jibu. Kwenye muswada huonekana hivi:

MTANGAZAJI: Nitataja wanyama watatu. Wawili wanaanza kwa sauti moja. Kuku. Simba. Kobe. Ni wepi?
(KIMYA, SEKUNDE 5)
MTANGAZAJI: Kuku na kobe. *K*-uku, *k*-obe. Sema nami!
(KIMYA, SEKUNDE 3)

Angalieni kilichoachwa: hakuna "safi sana, umepata!" Hamkumsikia. Aliyekosea akisifiwa hujifunza kwamba redio haimsikilizi. Jibu sahihi likitajwa waziwazi, aliyepata anafurahi na aliyekosa anasahihishwa.

Urefu wa kimya ndipo vipindi vingi vinapoharibika. Kurudia neno, sekunde mbili au tatu. Kuchagua jibu, nne au tano. Kufanya kitu kwa mwili (simama, gusa goti la kushoto, ruka mara tatu), sita hadi nane. Msikisie: kaeni na watoto halisi, saa mkononi, mpime aliye wa mwisho kujibu badala ya yule mwepesi. Mhariri wa sauti asiyejua kipindi atakata vimya vyote akidhani ni makosa, basi andikeni juu ya faili: VIMYA VISIGUSWE.

Kuna mitego miwili ya mitambo. Vituo vingi vina kifaa kinachogundua hewa tupu na kuwasha muziki wa akiba. Muulizeni fundi kimewekwa sekunde ngapi. Pili, kifaa cha kusawazisha sauti, kikikosa sauti, huvuta juu kila kilichopo, na ghafla mngurumo wa feni ya studio unajaa redioni. Dawa ya yote mawili ni moja: chini ya kimya wekeni mdundo hafifu wa ngoma, kama desibeli 20 chini ya sauti ya mtangazaji. Kimya kinabaki kimya masikioni mwa mtoto, na mtambo hauhangaiki.

Kurekodi: chumba kidogo, magodoro yakiegemezwa kwenye kuta mbili zinazokutana, pazia nene, zulia. Chumba kikubwa kitupu kina mwangwi ambao hakuna programu itakayouondoa vizuri. Maikrofoni iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, imegeuzwa pembeni kidogo ili *p* na *b* zisipige upepo ndani yake. Sauti kubwa kabisa zifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya kilele. Mkirekodi mtoto, isizidi dakika 40, na afadhali asubuhi. Msimpe karatasi asome: msomaji mchanga husoma kwa sauti ya kusoma. Mwambie sentensi, airudie. Mzazi atie saini ya ridhaa, na hewani mtoto atajwe kwa jina moja tu, bila shule wala mtaa. Kanuni hiyo isiwe na msamaha hata kwa mtoto wa mkurugenzi.

Kabla ya kurusha, jaribuni kwa watoto sita hadi wanane ambao si wa wafanyakazi. Mmoja wenu akae pembeni na orodha ya vimya vyote, aandike ni watoto wangapi wamejibu kila kimoja. Chini ya nusu wakijibu, swali ni gumu, au kimya ni kifupi, au kilichotangulia hakikueleweka. Mwisho msiwaulize "Mmependa?" Watasema ndiyo, wana adabu. Waambieni: "Hebu nisimulie imekuwaje." Hapo mtasikia hadithi iliyofika, na mara nyingi siyo mliyoiandika.

Nimetengeneza katuni kwa kompyuta yangu, mtandaoni inapendwa, lakini kituo cha televisheni kinairudisha kikisema haina viwango. Viwango gani?
*Mchora katuni*

Karibu kila mara ni mojawapo ya haya.

Sauti. Mtandaoni watu husawazisha karibu na -14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti (namba ikiwa chini zaidi ya sifuri, sauti ni ndogo zaidi). Watangazaji wanaofuata kanuni ya Ulaya ya R128 wanataka -23. Yako inapiga kelele mno. Usipunguze tu sauti ya jumla, kwanza hakikisha mazungumzo hayamezwi na muziki, maana sikio la mtoto halitenganishi vizuri kama lako.

Mwanga unaomweka. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani katuni moja ilirusha mimweko myekundu na ya buluu kwa kasi, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitalini, wengi wakiwa na degedege. Kikomo kinachotumiwa ni mimweko mitatu kwa sekunde, na nyekundu iliyokolea huchukuliwa kwa tahadhari zaidi. Radi, milipuko na taa za polisi ndizo zinazowaponza wachoraji. Acha radi iwake mara moja, kisha ififie taratibu.

Kasi ya picha. Televisheni za nchi nyingi hutumia picha 25 kwa sekunde. Programu nyingi za kompyuta huanza na 30 usipobadilisha. Ukigeuza mwishoni, mwendo unakwama-kwama. Amua kabla ya mchoro wa kwanza.

Muziki. "Niliupakua bure" haitoshi. Kituo kinataka karatasi inayoruhusu kurusha hewani.

Na la mwisho, ambalo litakusaidia kuliko yote: hifadhi mazungumzo kwenye faili lake, muziki na vishindo kwenye faili lingine. Vikichanganywa pamoja, katuni yako haiwezi kuwekwa sauti ya lugha nyingine kamwe, na umeifungia soko kwa mkono wako.

Je, akili bandia haiwezi kututafsiria vipindi vizuri vya nje kwa Kiswahili na lugha nyingine, tukaokoa fedha zote hizi?
*Mzazi na mhandisi*

Inaweza kufanya rasimu. Kumwachia mtoto rasimu hiyo ni jambo jingine, na tunalikataa.

Chukua katuni ambamo kikombe kinazungumza. Mashine itaandika "Kikombe kimesema kimechoka." Mfasiri mzoefu anajua kwamba kikombe hicho sasa ni mhusika, ana jina, ana huzuni: "Kikombe amesema amechoka." Lakini kikombe kingine kilichopo mezani, kisichozungumza, bado *kimevunjika*. Tofauti hiyo ndiyo inayomfundisha mtoto, bila somo lolote, kwamba lugha yake inatofautisha kilicho hai na kisicho hai. Mtoto hujifunza ngeli kwa kusikia. Msikilizishe mara mia "kitabu yangu" na "kifaru kimekimbia", naye atazitumia.

Halafu kuna urefu. Maneno yetu yana silabi nyingi: amri ya silabi moja kwa Kiingereza inakuwa "Tazama!" Tafsiri ya neno kwa neno haiingii mdomoni mwa mhusika, na mashine huitatua kwa kuharakisha sauti hadi mdogo wa miaka mitano hafuati. Mfasiri hukata maana moja, akabakiza iliyo muhimu. Nyimbo ndizo ngumu zaidi, kwa sababu mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili toka mwisho, na ukiangukia kwenye noti isiyo na uzito wimbo haushikiki.

Kwa hiyo: mashine itoe rasimu, mtu aandike upya, waigizaji wa kweli waigize, na watoto wajaribiwe. Kunaokolewa muda, kiasi. Na hata tafsiri iliyo bora haizai hadithi ya kwenu. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inazitaka nchi zivihimize vyombo vya habari vizingatie mahitaji ya lugha ya watoto wa jamii ndogo na wa asili. Haitekelezwi kwa kutafsiri peke yake.

Mwanangu ana miezi 18. Atazame nini?
*Mama kijana*

Mama, bado hahitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unashauri asiwekwe mbele ya skrini kabla ya miaka miwili, na kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Sababu inaeleweka: katika umri huo mtoto hujifunza kwa mtu aliye mbele yake kwa wepesi zaidi kuliko kwa mtu huyohuyo kwenye skrini. Shirika la umma lililo makini halipaswi kumtengenezea vipindi. Likutengenezee wewe: nyimbo na hadithi za redio ambazo utamwimbia baadaye. Mazungumzo ya simu na bibi yake kwa video hayana neno.

Sisi wazazi hatukai kwenye bodi wala bungeni. Tunaweza kudai nini hasa?
*Kamati ya wazazi*

Dai tarakimu, kwa barua, kila mwaka, kabla bajeti ya shirika haijapitishwa. Malalamiko kwamba "vipindi ni vibaya" hujibiwa kwa hotuba. Tarakimu hujibiwa kwa tarakimu au kwa ukimya, na ukimya ni jibu mnaloweza kulipeleka kwa mbunge.

Ulizeni saa ngapi za vipindi vya watoto vilivyorushwa mwaka huu zilikuwa mpya, zisizo marudio wala za kununuliwa nje. Ulizeni fungu la watoto ni asilimia ngapi ya matumizi yote ya maudhui, mkalinganishe na asilimia ya watoto katika idadi ya watu. Ulizeni kwa lugha zipi, ikiwemo lugha ya alama. Ulizeni wenye miaka 10 hadi 15 wamepata saa ngapi. Mara nyingi mtapewa sifuri, na sifuri hiyo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo. Na ulizeni kipindi cha watoto kimeahirishwa mara ngapi kupisha mpira au hotuba.

Barua isainiwe na wazazi wa shule zaidi ya moja, nakala iende kwa mdhibiti wa mawasiliano na kwenye kamati ya bunge inayohusika. Msipojibiwa ndani ya muda uliowekwa na sheria ya kupata taarifa, pale ilipo, andikeni ya pili mkitaja tarehe ya ya kwanza. Kumbukumbu hiyo itunzwe na katibu wa kamati badala ya mwenyekiti, maana wenyeviti hubadilika watoto wao wakimaliza shule na barua hupotea nao.